Ufadhili wa Masomo ya Chuo Kikuu: Safari Inayoanzia Ofisi ya Kijiji

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, wazazi hufika katika ofisi za halmashauri wakiwa na swali moja: je, halmashauri inatoa ufadhili wa chuo kikuu? Jibu ni kwamba haitoi. Asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mujibu wa sheria ni kwa ajili ya mikopo isiyo na riba ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo haziwezi kugeuzwa kuwa ada ya mwanafunzi mmoja, hata awe na ufaulu wa namna gani.

Hata hivyo, mzazi anayepewa jibu hilo pekee na kurudi nyumbani huwa ameambiwa nusu ya ukweli. Fedha hazitoki hapa, lakini karatasi zinazomwezesha mwombaji kuzifikia fedha za wafadhili hutoka hapa hapa: ofisi ya kijiji, ofisi ya kata, Ustawi wa Jamii na ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Vijana wengi hudhani kwamba ufadhili hutafutwa kwa alama za mtihani peke yake. Alama humfikisha mwombaji mlangoni. Baada ya hapo huulizwa yeye ni nani, ametoka kwenye kaya ya namna gani, na ni nani anayeweza kuthibitisha hayo.

Kwanza ni vema kutofautisha aina za fedha, maana mtaani zote huitwa ufadhili. Mikopo ya elimu ya juu hutolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Huo ni mkopo, na mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, ni fedha za Serikali kwa wanafunzi waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi kidato cha sita, haurejeshwi. Aina ya tatu, ambayo ndiyo hasa mada yetu, ni fedha za wafadhili: serikali za nchi nyingine, taasisi na mifuko ya hisani, ambao huamua wenyewe wamsomeshe nani, wapi, na kwa masharti gani.

Jambo hili si geni kwetu. Mwalimu Julius Nyerere alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hadi 1952 kwa ufadhili. Chuo hicho hicho leo kimo katika orodha ya vyuo washirika wa mpango wa ufadhili wa Taasisi ya Mastercard, yenye makao yake Toronto, Kanada. Mpango huo ulizinduliwa mwaka 2012 na huwalenga vijana wa Afrika wenye uwezo kimasomo ambao familia zao hazina uwezo wa kifedha. Kwa Afrika Mashariki, washirika wake ni pamoja na Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda. Mwombaji hatumi maombi Toronto. Huomba chuoni, kwa utaratibu wa chuo husika, na chuo ndicho huchagua. Wapo vijana wanaohangaika kutafuta anwani ya taasisi yenyewe huku dirisha la chuo likifungwa.

Ieleweke pia kwamba fedha nyingi za wafadhili zinazotajwa redioni na kwenye simu si za wanaoanza shahada ya kwanza. Ufadhili wa Chevening wa Serikali ya Uingereza ni wa shahada ya umahiri ya mwaka mmoja, na mwombaji lazima awe na uzoefu wa kazi wa takribani miaka miwili. Akimaliza hutakiwa kurejea nchini kwake kwa muda usiopungua miaka miwili. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola unaotolewa na nchi hiyo hiyo nao huwalenga zaidi wa umahiri na uzamivu. Shirika la Ujerumani la DAAD hulipia masomo ya uzamili ndani ya vyuo vya Afrika yenyewe. Mpango wa kimataifa wa Taasisi ya Aga Khan, nao wa uzamili, hutoa nusu kama ruzuku na nusu kama mkopo, jambo ambalo mwombaji anapaswa kulijua kabla ya kusaini, si baada ya kuhitimu. Kwa hiyo kijana aliyemaliza kidato cha sita asivunjike moyo akikuta milango mingi imeandikwa shahada ya pili. Ateue michache inayomhusu, na mingine aiweke akilini hadi atakapohitimu.

Sasa tuje kwenye karatasi. Mfadhili anayesaidia familia zisizo na uwezo anahitaji uthibitisho kwamba familia haina uwezo. Hapo ndipo barua ya Mtendaji wa Kijiji au wa Mtaa inapopata uzito ambao pengine mwandishi wake haujui. Barua nyingi huandikwa hivi: mtajwa hapo juu ni mkazi wa kijiji hiki, anatoka katika familia duni, tunaomba asaidiwe. Barua hiyo haina uongo wowote, na haina faida yoyote. Mtu atakayeisoma Kampala au ng'ambo hajawahi kufika kijijini kwetu, na mezani kwake zimo barua mia nyingine zenye maneno hayo hayo.

Barua inayosaidia hutaja mambo yanayoweza kuhesabiwa na kuhakikiwa. Kaya ina watu wangapi, na wangapi wanasoma. Analima ekari ngapi, za zao gani, na mavuno ya msimu uliopita yalikuwaje. Nani alilipa michango na mahitaji ya shule alipokuwa sekondari: mzazi, mjomba, kanisa, msikiti, au yeye mwenyewe kwa vibarua wakati wa likizo. Kama kaya ni mnufaika wa TASAF, itajwe, na uthibitisho wake uambatishwe. Kama mzazi ana ulemavu au maradhi ya kudumu, Ofisa Ustawi wa Jamii athibitishe. Barua ya namna hii huchukua saa moja kuiandaa badala ya dakika tano, na inamhitaji mwananchi afike ofisini akiwa na taarifa zake mkononi. Mtendaji hawezi kuandika asichokijua.

Hapa kuna ugumu ambao si wa kiofisi. Baadhi ya wazazi huona haya hali yao kuandikwa waziwazi, wakahisi ni kuanikwa mbele za watu. Wengine huenda upande wa pili: aliye na duka na ng'ombe hujiandika hana kitu. Aina ya kwanza humnyima mtoto nafasi kwa heshima, ya pili kwa tamaa. Vipo vyuo vinavyotuma watu hadi nyumbani kwa mwombaji kuhakiki kilichoandikwa, na anayebainika kudanganya huondolewa hata kama alishachaguliwa. Wanaofika hutazama nyumba, huuliza majirani, huzungumza na walimu. Hawatafuti nyumba chafu wala chakula kibovu; wanatafuta kama maelezo na hali vinakubaliana.

Karatasi inayowakwamisha yatima mara kwa mara ni cheti cha kifo. Familia nyingi huhifadhi kibali cha mazishi, zikiamini kwamba ndicho cheti. Kibali cha mazishi ni ruhusa ya kuzika tu. Cheti cha kifo hutolewa na RITA, na kwa wilayani huduma hiyo hupatikana katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Hata kama mzazi alifariki miaka mingi iliyopita, kifo chake kinaweza kusajiliwa kwa utaratibu wa waliochelewa, lakini utaratibu huo una viambatisho vyake na haukamiliki kwa siku moja. Bodi ya Mikopo nayo hudai vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vihakikiwe na RITA. Anayeanza kushughulikia jambo hili baada ya matokeo kutoka anaanza akiwa amechelewa.

Tatizo la majina ni dogo kwa sura na kubwa kwa madhara. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Hamisi, cha kidato cha nne Hamis, na kitambulisho cha Taifa kina jina la babu mahali pa jina la baba. Kwetu sote ni mtu yule yule. Kwa msomaji wa mbali ni watu watatu. Tofauti kama hizo huhitaji hati ya kisheria inayoandaliwa na wakili kuthibitisha kuwa majina yote ni ya mtu mmoja, na panapobadilishwa jina lenyewe, hati husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kuna gharama na kuna siku za kusubiri.

Gharama, kwa hakika, ni jambo ambalo matangazo ya ufadhili hayalisemi kwa sauti. Ufadhili kamili hulipia ada, malazi, posho ya kujikimu, na mara nyingi tiketi ya ndege. Lakini hulipia baada ya kuchaguliwa. Kabla ya hapo kuna kupiga chapa, kuthibitisha nakala, nauli ya kwenda kwenye usaili, na kwa anayekwenda nje ya nchi, pasipoti, ambayo ada yake ni shilingi 150,000 na maombi yake hudai pia nyaraka za uzazi za mzazi. Posho ya kwanza nayo huweza kuchelewa wiki kadhaa baada ya masomo kuanza. Familia inayodhani imeachana na gharama siku barua ilipofika hujikuta ikiuza mbuzi kwa bei ya haraka. Ni busara mzazi apige hesabu ya miezi miwili ya mwanzo mapema, na kama ukoo una desturi ya kuchangia harusi, huenda na hili likapewa kikao chake.

Mahali penye matumaini ya watu, matapeli hawakosekani. Ujumbe hufika kwenye simu: umechaguliwa, lipa ada ya usajili ndani ya saa 24. Chevening, kwa mfano, haitozi chochote kwa kuomba; na hakuna mfadhili makini anayempigia mtu ambaye hakuomba. Wapo pia mawakala wanaowaunganisha wanafunzi na vyuo vya nje. Kazi hiyo ni halali kwa waliosajiliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, na orodha yao huulizwa huko. Tume hiyo hiyo ndiyo humpa mwanafunzi anayekwenda kusoma nje hati ya kutokuwa na pingamizi, na ndiyo itakayotambua shahada yake atakaporudi. Mtu aliyekwenda chuo kisichotambulika, hata kwa ufadhili kamili, huweza kurudi na cheti kisichomfaa kwa ajira ya umma. Mwananchi atakayeombwa hongo ili aandikiwe barua au apigiwe mhuri katika ofisi yoyote ya umma apige simu TAKUKURU, namba 113, bila malipo.

Limebaki suala la fedha za wafadhili kukatika, ambalo zamani lilionekana la mbali. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na baadaye mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Miongoni mwa walioguswa ni wanawake zaidi ya 80 kutoka Afghanistan waliokuwa wakisoma Oman kwa fedha za shirika hilo. Waliambiwa ufadhili umekoma na wajiandae kurudi kwao, nchi ambayo mwanamke haruhusiwi kusoma chuo kikuu. Hawakufeli mtihani wala kuvunja sharti lolote. Uamuzi ulifanywa mbali nao.

Kwa sababu hiyo tunashauri mambo mawili. Mkataba wa ufadhili usomwe wote, kwa msaada wa mwalimu au mwanasheria inapowezekana, hasa sehemu zinazoeleza kitakachotokea mwanafunzi akiugua, akipata ujauzito, akirudia mwaka, au mfadhili akijitoa. Pili, mwombaji asiache kuomba mkopo wa Serikali kwa kuwa anasubiri majibu ya mfadhili. Dirisha la mikopo hufunguliwa mara moja kwa mwaka, na likifungwa limefungwa. Akipata ufadhili kamili, aiarifu Bodi, kwani hairuhusiwi kufaidi vyote viwili kwa wakati mmoja. Mwanafunzi anayeendelea na masomo ambaye ufadhili wake umekatika naye anaweza kuomba mkopo dirisha linalofuata linapofunguliwa.

Wazazi wa watoto walio kidato cha tatu na cha nne wana nafasi ambayo wa kidato cha sita hawanayo tena. Kabla usajili wa mtihani haujafungwa, waende shuleni na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, waombe kuona jina lilivyoandikwa, na walinganishe herufi kwa herufi. Ambaye mtoto wake hana cheti aanze na ofisi ya kijiji, ambako ataelezwa viambatisho vinavyotakiwa kabla ya kulipa nauli ya kwenda wilayani.