Mvua Zikikatika, Mboga Zisikatike



Huku kwetu Mpanda mvua huanza Novemba na kukatika Aprili au Mei. Mwezi wa Machi kila nyumba ina mboga. Mchicha umejaa uani na maboga yametambaa mpaka mlangoni. Ukifika Julai, mambo yamegeuka. Mchicha umekauka, nyanya zimejikunja majani, na mboga sasa ni ya kununua. Asiye na pesa anawapa watoto ugali na chumvi. Kumbe majani ya kijani ndiyo yanayotupa vitamini A, inayolinda macho ya watoto na kuupa mwili nguvu ya kupigana na maradhi.

Kwa nini bustani inakufa? Wengi husema, "Ni jua tu." Jua ni sababu moja. Sababu ya pili ni kwamba bustani imebaki vile vile ilivyokuwa wakati wa masika.

TUTA LA MASIKA SI LA KIANGAZI

Masika tunapanda juu ya tuta. Ni vizuri, kwa sababu maji yanateremka na mizizi haiozi. Lakini kiangazi tuta lile lile linatuponza. Jua na upepo hulikausha juu na ubavuni, na maji tunayomwagia yanakimbilia mferejini. Ndoo imekwisha, mzizi haujanywa!

Basi tugeuze. Tuchimbe kitalu cha shimo, upana meta 1, kina sentimeta 15, yaani hakifiki shubiri moja. Udongo uliotoka tuuweke pembeni uwe ukingo. Tuchanganye samadi iliyooza, kisha tupande humo ndani. Maji yatatulia pale pale. Halafu tutandaze nyasi kavu kati ya miche, unene wa vidole vinne, bila kugusa shina. Nyasi huzuia jua lisikaushe udongo. Tumwagilie jioni au alfajiri, si saa sita mchana.

MAJI YATOKE WAPI?

Maji ya kuoshea mboga, mchele na kusuuzia vyombo tusiyamwage njiani. Tuyamwage chini ya shina, si juu ya majani tutakayokula. Maji yenye dawa ya kuondoa madoa tusiyatumie.

Wengine hukimbilia kulima ukingoni mwa mto. Hapa tufikiri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu kingo za mito ndani ya meta 60. Ukingo ukilimwa, udongo huporomoka na mto hujaa mchanga. Tuutazame Mto Katuma. Sisi tunauchota, wenzetu wanamwagilia mpunga, kisha unaingia Hifadhi ya Katavi. Kiangazi viboko hubanana huko kwenye madimbwi ya matope. Maji yakiisha huku juu, wa chini atakunywa nini? Vitalu viwili vya uani havihitaji kuugusa ukingo.

WADUDU NAO HUBADILIKA

Masika adui wa nyanya ni ukungu, maana unapenda majani yaliyolowa. Kiangazi ukungu hupungua, lakini vidukari na utitiri huzidi. Hujificha chini ya jani. Kwa hiyo tuligeuze jani, tuangalie. Tukiwaona mapema, tuwanyunyizie maji yenye sabuni kidogo wakati wa jioni.

TUWEKE AKIBA

Kisamvu huvumilia ukame, kwa hiyo tusikose mihogo michache karibu na nyumba. Na majani ya kunde tuyachume yakiwa mengi, tuyachemshe kidogo, tuyaanike kivulini. Jua kali huharibu vitamini. Ndugu zetu Wasukuma huyaita nsansa, nayo huliwa miezi mingi baadaye.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini tuta la masika halifai kiangazi?
2. Nyumbani kwako, maji gani humwagwa bure kila siku?
3. Kijijini kwenu, nani analima ukingoni mwa mto, na mtamsaidiaje apate mboga bila kuuharibu?