Anayeshika Mkia wa Ubao

Ghuba ya False Bay, kusini mwa jiji la Cape Town, ina sakafu ya mchanga inayoteremka polepole, ndiyo maana mawimbi ya Muizenberg, mtaa ulio kwenye ghuba hiyo, hufika ufukweni yakiwa mapana na ya taratibu. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu wanaoanza kujifunza kuteleza juu ya mawimbi wamekuwa wakielekezwa hapo. Mwandishi Mwingereza Agatha Christie alikuwa mmoja wao, mwaka 1922. Lakini sheria ya mwaka 1953 ya kutenga huduma za umma iligawa hata fukwe kwa rangi za watu. Muizenberg ilikuwa ya Wazungu, na mtoto Mwafrika hakuruhusiwa kuyaingia maji yale. Mwishoni mwa 1989 serikali ilitangaza kwamba fukwe ziko wazi kwa wote.

Kung'oa kibao cha "Wazungu tu" ni kazi ya siku moja, lakini woga hauondoki kwa siku moja. Watoto wa Masiphumelele na Khayelitsha, vitongoji vya watu weusi vya Cape Town, waliendelea kukua karibu kabisa na bahari bila kujua kuogelea, wengi wao wakionywa nyumbani kwamba maji yale yanaua. Wazazi walikuwa na sababu. Monwabisi, ufukwe uliotengenezwa miaka ya 1980 kwa ajili ya watu weusi, una mikondo mikali na umeshachukua roho za wengi.

Mwaka 2009 Mwingereza mmoja, Tim Conibear, alianza kuwafundisha watoto wachache wa Masiphumelele. Mwaka 2011 shughuli hiyo ikawa shirika, Waves for Change. Mwanzo ulikuwa mchezo tu: watoto, mbao, bahari. Kilichoonekana baadaye ni kwamba watoto walikuja na mengine waliyoyabeba, misiba, vipigo, vurugu za mitaani, na kwamba walihitaji mtu mzima wa kumwamini kuliko walivyohitaji mchezo mpya. Waanzilishi wakakubali kuugeuza mradi. Afya ya akili ikawa lengo, kuteleza kukawa njia, na kazi ya kufundisha wakapewa vijana wa mitaa ile ile wanakotoka watoto. Uamuzi huo wa mwisho naupa uzito kuliko yote, na sababu inaonekana majini.

Anayeanza hupewa ubao mrefu uliofunikwa sponji, ukafungwa kwa kamba kwenye kifundo cha mguu, na suti nzito ya mpira kwa sababu maji ya kule ni baridi. Kwanza hufanya mazoezi mchangani: lala kifudifudi, sukuma kwa mikono, ruka usimame. Mchangani kila mtu anaweza. Akiingia majini, likaja wimbi la povu nyuma yake, mwili unafanya unavyotaka wenyewe. Kuna anayefumba macho. Kuna anayeng'ang'ania kingo za ubao mpaka wimbi likaisha, akabaki amelala kwenye maji ya magotini. Asiyejua kusubiri husimama kabla ubao haujashikwa na wimbi, akaanguka kinyumenyume. Anayetazama miguu yake huangukia pale pale alipotazama. Wengi hubana pumzi bila kujua. Pumzi ikibanwa magoti hukakamaa, na magoti yaliyokakamaa hayasimami juu ya kitu kinachotikisika.

Hakuna anayeweza kuficha hayo. Shuleni mtoto mwoga hujifunza kukaa nyuma ya darasa, mwenye hasira akaitwa mtukutu, na wote wawili wakapitwa. Juu ya ubao, woga na hasira huonekana waziwazi, na mwenyewe anaviona. Kocha aliyesimama kwenye maji ya kifuani, ameshika mkia wa ubao, anasema: pumua, tazama ufukweni, ngoja, sasa. Mtoto anapumua, magoti yanalegea, anasimama hata kama ni kwa sekunde mbili. Ameligundua jambo ambalo kesho atalihitaji mbali na bahari, usiku kelele za ugomvi zitakapomfikia kitandani: kwamba mwili wake ukishtuka, anayo njia ya kuutuliza. Na amelipata kutoka kwa kijana anayeijua mitaa yao, anayejua ugomvi huo unasikikaje.

Mtu mzima akijifunza hukutana na mtihani wa ziada. Anatakiwa kumtii kijana wa miaka kumi na tisa, mbele za watu, katika jambo asilolijua. Aliyezoea kutoa amri kazini huanza kueleza kwa nini wimbi lile halikuwa zuri.

Sasa, kuona kocha huyo anavyothaminiwa, chukua andiko lolote la kuombea fedha za mradi wa namna hii. Mbao zina mstari wake kwenye bajeti, suti zina wake, basi na chakula pia. Viashiria vitahesabu walengwa waliofikiwa na vipindi vilivyofanyika. Kocha atakuwa chini ya gharama za uendeshaji, kifungu ambacho mfadhili hukikata kwanza fedha zinapopungua. Inaniuma kuona hivyo. Ubao ukivunjika hununuliwa mwingine. Kijana aliyemzoea mtoto kwa miezi, akajua ni lipi linalomtisha, haagizwi dukani.

Kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki, mwamba huyavunja mawimbi mengi huko mbali, na mchezo huu haujaenea. Lakini kaskazini mwa Unguja, Nungwi, Mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha kuogelea wanawake na wasichana waliokua wakiitazama bahari bila kuiingia. Mpiga picha Anna Boyiazis aliwapiga picha mwaka 2016, na kazi hiyo ikapata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Huko nako hatua mbili ndizo zilizofungua njia: mavazi ya kuogelea yanayositiri mwili mzima, na wanawake waliokwisha kujifunza kuwa walimu wa wenzao. Mama anayesita kumwachia mgeni binti yake humwachia mwalimu anayemjua hadi nyumbani kwao.

Machi 2020, kwa sababu ya korona, Afrika Kusini ilifunga kila kitu, bahari ikiwemo. Waves for Change ikakosa ufukwe na mawimbi kwa wakati mmoja. Ikatoa mazoezi mepesi ambayo mtoto angeweza kuyafanya nyumbani bila bahari wala ubao, yenye lengo lile lile la kuutuliza mwili na akili. Yaliwezekana kwa sababu mradi ulikuwa umejengwa juu ya watu na juu ya pumzi. Mfadhili ambaye angekuwa amelipia mbao peke yake, mwezi ule angebaki na stoo iliyojaa na mradi usiokuwepo.