Mwenza Anaporudia Pombe: Uamuzi wa Leo na Uamuzi wa Kesho

Miezi sita bila pombe hutosha kuifanya nyumba ipate pumzi. Ada ya shule hulipwa kwa wakati, watoto huacha kusikiliza mlio wa geti usiku, na mke au mume aliyezoea kuficha fedha chini ya godoro huanza kuziacha kabatini. Siku harufu ya pombe inaporudi, kinachoumia zaidi si mfuko bali imani. Katika saa hizohizo za uchungu, ndugu na majirani humtaka mwenza aamue yote kwa mara moja: kusamehe au kufukuza, kubaki au kuondoka. Makala haya yanaeleza kwa nini maamuzi hayo yanafaa kutenganishwa. Uamuzi wa leo unahusu usalama. Uamuzi juu ya ndoa una wakati wake na vigezo vyake.

Kuteleza na kurudia

Shirika la Afya Duniani linautambua utegemezi wa pombe kuwa ugonjwa. Dalili zake kuu ni kushindwa kudhibiti unywaji, kuitanguliza pombe mbele ya mambo mengine ya maisha, na mwili kuizoea kiasi cha kuugua inapokosekana. Kama yalivyo magonjwa mengine ya muda mrefu, hupata nafuu na huweza kurudi. Mwaka 2000, Thomas McLellan na wenzake wa Marekani walieleza kwamba kati ya asilimia 40 na 60 ya waliotibiwa utegemezi wa pombe au dawa za kulevya hurudia matumizi ndani ya mwaka mmoja. Walilinganisha hali hiyo na ya wagonjwa wa shinikizo la damu na pumu, ambao wengi wao pia huzidiwa tena.

Ulinganisho huo una mpaka wake. Shinikizo la damu likipanda, halimpigi mtoto wala haliuzi kitanda cha nyumba. Ugonjwa unaeleza kwa nini mtu amekunywa tena. Haufuti madhara aliyowatendea wengine.

Mwanasaikolojia Alan Marlatt alitofautisha kuteleza, yaani kunywa mara moja au mbili, na kurudia, yaani kurejea katika unywaji wa zamani. Alionyesha kwamba kinachomsukuma mtu kutoka hatua ya kwanza hadi ya pili mara nyingi ni aibu na kukata tamaa: mtu hujiambia kwamba ameshaharibu, basi na amalize. Kwa hiyo siku za mwanzo zina thamani kubwa. Hata hivyo, mwenza si chanzo cha kuteleza huko, na hana uwezo wa kumzuia mtu mzima asinywe kwa kumlinda mchana na usiku.

Uamuzi wa leo: usalama

Swali la kwanza ni kama kuna mtu aliye hatarini. Ikiwa aliyekunywa ana historia ya kupiga, anatishia au ameshika silaha, huo si wakati wa mazungumzo. Mwenza aondoke na watoto kwenda kwa ndugu au jirani aliyepangwa mapema. Funguo za gari au pikipiki zihifadhiwe mbali, ilimradi kufanya hivyo hakuleti ugomvi.

Hatari ya pili ni ya aliyekunywa mwenyewe. Baada ya muda mrefu bila pombe, mwili haukihimili tena kiasi ulichokizoea zamani. Aliyelewa sana alazwe ubavu, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali ikiwa haamki, anapumua kwa shida au amepoa mwili. Aliyekunywa gongo au pombe nyingine isiyojulikana ilivyotengenezwa, kisha akalalamika kwamba anaona ukungu, awahishwe hospitali bila kusubiri asubuhi, kwa kuwa methanoli huweza kupofusha na kuua.

Hatari ya tatu hujificha katika nia njema. Familia nyingi humfungia ndani aliyerudia ili aache siku hiyohiyo. Ikiwa amekuwa akinywa kila siku kwa muda, kuacha ghafla bila uangalizi huweza kuleta mitetemeko, jasho na kukosa usingizi, kisha kifafa ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne, wengine huchanganyikiwa na kuona au kusikia vitu visivyokuwepo. Hali hiyo huua isipotibiwa. Anayehitaji kuzimua kila asubuhi ili mikono itulie aachishwe pombe chini ya uangalizi wa mtaalamu.

Maneno na wakati wake

Mazungumzo ya maana hufanyika mtu akiwa hajalewa, faragha, na watoto wakiwa mbali. Maneno yawe machache, yataje kilichotokea na ombi moja linalotekelezeka. Kwa mfano: “Baba Neema, jana ulirudi umekunywa, na watoto waliogopa. Nakuthamini, na miezi hii umejitahidi. Naomba kesho twende kliniki pamoja. Ukiwa umekunywa, mimi na watoto tutalala kwa shangazi.” Sentensi ya mwisho ni mpaka, na mpaka hutofautiana na kitisho kwa jambo moja: msemaji yuko tayari kuutekeleza, na unahusu atakachofanya yeye mwenyewe.

Utafiti unaunga mkono njia hii. Mwaka 1999, William Miller na Robert Meyers wa New Mexico, pamoja na mwenzao, walilinganisha namna tatu za kuwasaidia ndugu wa watu wenye tatizo la pombe waliokataa matibabu. Ndugu waliofundishwa kuzungumza kwa utulivu, kuthamini nyakati za kutokunywa, kuacha madhara ya unywaji yamfikie mnywaji na kujitunza wenyewe, walifanikiwa kumwingiza mgonjwa katika matibabu kwa asilimia 64. Waliofundishwa kumkabili kwa kikao cha familia walifikia asilimia 30, na walioelekezwa kujinusuru wenyewe bila kulenga kumbadilisha mnywaji, asilimia 13.

Kuacha madhara yamfikie mnywaji maana yake ni kutolipa deni lake la grosari na kutompigia simu mwajiri kwa uongo kwamba ana malaria. Si kumnyima chakula wala kumwacha nje akiwa mahututi. Watoto nao waelezwe kwa kipimo cha umri wao: mzazi anaumwa, si kosa lao, na si kazi yao kumlinda.

Jambo moja halifai kabisa: kumtilia dawa katika chai bila yeye kujua. Disulfiramu, dawa inayomfanya mtu augue akinywa pombe, huweza kuleta kutapika, mapigo ya moyo kwenda mbio na kushuka kwa shinikizo la damu hadi kuhatarisha maisha. Hutolewa kwa ridhaa ya mgonjwa na kwa usimamizi wa daktari.

Kwa watumishi wa afya

Mgonjwa anayerudi kliniki baada ya kunywa tena ametenda jambo gumu, na karipio la mapokezi laweza kuwa sababu ya kutorudi tena. Dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani, lenye maswali 10, husaidia kupima hali; alama 20 na zaidi huashiria uwezekano wa utegemezi. Ni muhimu kuuliza juu ya kifafa cha awali, sonona na mawazo ya kujiua. Kwa mgonjwa aliyedhoofu, vitamini B1 itangulie dripu ya sukari ili kuukinga ubongo. Baada ya hatua ya hatari kupita, daktari aangalie kama naltreksoni, inayopunguza hamu ya pombe, inamfaa mgonjwa huyo.

Mwenza naye ni mtu wa kuhudumiwa. Aulizwe akiwa peke yake kuhusu usingizi, kipigo, kulazimishwa tendo la ndoa na hali yake ya moyo. Ikiwa anayekunywa ni mke, aibu huwa kubwa zaidi na familia huficha kwa muda mrefu; lugha ya mtumishi ndiyo inayofungua au kufunga mlango.

Uamuzi wa kesho

Kubaki au kuondoka hakupimwi kwa machozi ya asubuhi. Hupimwa kwa matendo ya majuma yanayofuata: je, amekiri mwenyewe, amerudi kliniki, amekubali mtu mwingine ashike fedha, ameacha marafiki wa kilabuni? Je, watoto wanalala kwa amani? Mwenza anayebaki kwa vigezo hivyo si mjinga, na anayeondoka baada ya vigezo kukosekana hajamtupa mgonjwa. Wengine hutengana kwa muda huku matibabu yakiendelea, na hilo nalo ni jibu halali.

Pale penye kipigo, vigezo hivyo havisubiriwi. Nchini Tanzania, kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza kumpa mwenza adhabu ya viboko au kipigo, na ulevi hauifanyi kuwa halali. Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, pamoja na afisa ustawi wa jamii, hupokea malalamiko hayo. Simu namba 116 ni ya msaada kwa watoto.

Wakati bora wa kujiandaa kwa kurudia ni kipindi cha nafuu, wote wawili wakiwa na akili tulivu. Karatasi moja yatosha: nani apigiwe simu, watoto walale wapi, fedha ashike nani, kliniki gani iendewe na ndani ya siku ngapi. Mgonjwa aiandike kwa mkono wake na mwenza aihifadhi. Siku ikihitajika, itakuwa ni ahadi yake mwenyewe inayotekelezwa, wala haitakuwa hukumu ya mtu mwingine juu yake.