Kifafa cha Mimba Katika Runinga

Miongoni mwa tamthilia za runinga zilizovuma ulimwenguni katika mwongo wa mwisho wa karne iliyopita, ER ya Marekani haikosi kutajwa. Ilianza kuonyeshwa na shirika la NBC mnamo Septemba 1994, ikaendelea kwa misimu 15 hadi Aprili 2009. Muasisi wake, Michael Crichton, alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard, na ujuzi huo unadhihirika. Mandhari ni kitengo cha dharura cha hospitali ya kubuni jijini Chicago: machela yanasukumwa mbio, damu inatiririka, na madaktari wanarushiana maneno ambayo hata Mmarekani wa kawaida hayafahamu. Msimu wa kwanza ulitolewa katika diski za DVD mwaka 2003, pamoja na manukuu ya Kiingereza na ya lugha nyingine za Ulaya. Kiswahili hakimo.

Si ajabu, mtasema. Soko ni soko. Filamu za mapigano angalau zimepata wakalimani wao, akina Lufufu huko Dar es Salaam na DJ Afro hapa Kenya, ambao wamezisimulia upya kwa Kiswahili cha mitaani. Tamthilia ya hospitali haijapata msimulizi kama hao. Hapo ndipo ninapotaka walimu na wanafunzi tutue kidogo.

Katika tamthilia, kutoelewa ni sehemu ya utamu. Daktari anapoagiza vipimo vitano kwa pumzi moja, hatuhitaji kujua ni vipimo gani. Twajua tu kwamba hali ni mbaya. Tena mwandishi ametuwekea msaidizi. Katika msimu huu wa kwanza yumo Carter, mwanafunzi wa udaktari aliyeigizwa na Noah Wyle. Kila anapoelezwa jambo, nasi tunaelezwa. Mgonjwa halisi hana Carter wake. Huketi kwenye benchi, akaitwa, akaandikiwa, akatoka na karatasi asiyoweza kuisoma.

Kipindi cha 19 cha msimu huo, kilichoonyeshwa Machi 1995 kwa jina la Love's Labor Lost, kiliandikwa na Lance Gentile, ambaye mwenyewe alikuwa daktari wa dharura. Mama mjamzito anafika akilalamika kwamba anakwenda haja ndogo mara kwa mara. Daktari Greene anadhani ni maambukizi ya kibofu, anampa dawa na kumruhusu aende. Hajafika mbali, anaanza kutupa mikono na miguu. Kuanzia hapo ni saa nyingi za kosa juu ya kosa. Mtoto anaokolewa, mama anafariki.

Nilikitazama kipindi hicho katika nyumba moja ya Jomvu Kuu wakati wa likizo ya shule, pamoja na vijana wa kidato cha tatu na nyanya yao. Vijana walikuwa wakishindana kulitamka neno la Kiingereza la ugonjwa ule. Nyanya, asiyejua Kiingereza hata cha salamu, alimwona mama yule akitetemeka akasema, "Hicho ni kifafa cha mimba, wanangu." Wajukuu waligeuka kumtazama. Wamesoma biolojia miaka mitatu, na neno hilo walikuwa hawajalisikia darasani.

Yafaa tulipime neno lenyewe. Madaktari husema eklampsia, kutokana na Kigiriki chenye maana ya mmweko wa ghafla. Neno hilo halimwambii mjamzito lolote. Kifafa cha mimba kinamwambia mawili kwa mara moja: atakachokiona na kinakotoka. Hata hivyo, nisilisifu neno kupita kiasi. Katika pwani yetu wapo wanaohusisha kifafa na pepo, kama vile degedege la watoto, ambalo jina lake lenyewe linatukumbusha ndege, lilivyohusishwa na ndege wa kishetani. Mwenye imani hiyo huenda akamtafuta mganga kwanza, na saa zikapotea. Muuguzi asiyelijua neno hatajua pia hofu iliyojificha ndani yake, wala hataweza kueleza kwamba asili ya maradhi haya ni ujauzito na shinikizo la damu, na kwamba kuumwa sana na kichwa, macho kuona ukungu, na uso na mikono kuvimba ni dalili za kukimbilia hospitali kabla ya mtetemeko kuanza.

Sheria haina utata. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Lakini muuguzi atalitoa wapi neno, ikiwa sayansi alifundishwa kwa Kiingereza kuanzia shuleni hadi chuoni? Kamusi zipo. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, nami nimeingia shule nyingi za upili nisiione hata nakala moja. Na Jomvu hapa si mahali pa kuambiwa Kiswahili ni kigeni. Kijomvu ni miongoni mwa vilugha vya Mombasa ambavyo H. E. Lambert alivichapishia uchunguzi mwaka 1958.

Mwalimu wa Kiswahili aliye na diski hizo na ajaribu jambo moja. Achague dakika kumi za kipindi cha 19, awape wanafunzi wa vidato vya juu waziandikie manukuu ya Kiswahili. Kondo la nyuma watalikumbuka. Chupa iliyopasuka wataelezwa na mama zao. Lakini bega la mtoto lililokwama nyuma ya mfupa wa kinena, ambalo linamtoa Greene jasho, litawalazimu kubisha hodi kwa wakunga wa mtaani. Maneno watakayorudi nayo wayaandike katika daftari la biolojia pia.