Injini ya gari la mzigo imekufa: utengeneze au ununue nyingine?

Leo siongelei picha za bidhaa wala kujibu wateja. Naongelea gari. Najua wengi humu mna Noah, kirikuu, pikipiki, na wengine kama mimi mna gari la fowili la kuingia vijijini kufuata mzigo. Siku injini ikigoma, utaambiwa maneno mengi na kila mtu, na hela ni ya kwako.

Mimi nauza maharage na asali mtandaoni, niko Iringa mjini. Mzigo naufuata Kilolo mara mbili kwa wiki, kisha naupakia kwenye basi kwenda kwa wateja Dar. Gari ni Toyota Hilux Surf ya dizeli, injini 1KZ-TE. Nililinunua milioni 13. Mwezi wa tatu mwaka jana, napandisha mlima na magunia nane, matope, gia ndogo, nikaona moshi mweupe nyuma. Mshale wa joto ulikuwa umepanda kidogo tu. Nikasema nitafika. Hapo ndipo nilipokosea. Maji yakishavuja yakapungua, ile sensa ya joto inaweza kubaki kwenye hewa, halafu mshale unakudanganya kwamba mambo si mabaya sana. Ningesimama pale pale, pengine nisingekuwa naandika haya.

Gari likavutwa mpaka gereji. Fundi wa kwanza akafungua kifuniko cha oili, akaangalia, akasema: "Bosi, hii imekufa. Tafuta injini nyingine, mimi nina mtu Dar." Dakika tano hazijaisha. Na mimi mkononi nina oda 11 zilizolipiwa, yaani hela za watu. Ukiwa kwenye presha ya namna hiyo unakubali chochote. Nilikaribia kutuma hela.

Kilichoniokoa ni swali moja nililouliza fundi wa pili: kilichokufa ni kitu gani?

Injini ina juu na chini. Juu kuna hedi, yenye valvu. Chini kuna bloku, yenye pistoni, ringi, krenki na beringi zake. Hizi 1KZ zina hedi ya alumini juu ya bloku ya chuma, na zinajulikana kwa ugonjwa wa kupasuka hedi zikichemka, mara nyingi katikati ya valvu. Hedi ikipasuka, maji yanaingia kwenye silinda, unaona moshi mweupe, mapovu kwenye rejeta, na wakati mwingine oili inageuka kama chai ya maziwa. Ukiangalia haraka unaona injini yote imeharibika, kumbe chini inaweza kuwa nzima.

Kwa hiyo kabla ya kuamua, lipia uchunguzi. Fundi wangu alipima kompresheni silinda zote nne (geji ya dizeli si ile ya petroli, kama fundi hana aazime), mbili zikawa chini. Akashusha hedi. Ufa ulikuwepo, unaonekana kwa macho. Halafu nikamwomba afungue na sampo chini aangalie beringi, maana oili iliyochanganyika na maji hailainishi vizuri na inaweza kuzila. Zilikuwa safi. Kuta za silinda hazikuwa na mikwaruzo. Kazi hiyo yote nililipa 80,000, na hakuna hela niliyowahi kuitoa kwa faida kama hiyo.

Baada ya hapo nikachukua daftari la duka. Bei hizi ndizo nilizopewa mimi wakati ule, zako zitakuwa tofauti.

Injini ya mtumba 5,200,000, kuisafirisha kutoka Dar 150,000, kuifunga 500,000. Jumla 5,850,000.

Kutengeneza: hedi mpya 1,450,000, gasketi zote na bolti mpya 310,000, ufundi 400,000. Jumla 2,160,000.

Wengi wanaishia hapo. Lakini swali lingine ni kwa nini ilichemka. Rejeta yangu ilikuwa imeziba nusu na klachi ya feni imechoka. Hivyo viwili, 500,000, ni lazima vibadilishwe hata ukinunua injini mpya kabisa, la sivyo nayo inapasuka njia ile ile. Ongeza oili, filta na kolanti 190,000, na mkanda wa taimingi 140,000 kwa sababu ukishafungua hakuna sababu ya kurudisha mkanda wa zamani. Yaani 830,000 kwa kila upande. Sasa ni 6,680,000 dhidi ya 2,990,000.

Halafu siku. Sisi wauzaji tunasahau kuhesabu siku. Injini ya mtumba ingefungwa ndani ya siku tano, kutengeneza kulichukua siku 12. Nilikodi gari la mtu kwa 120,000 kila safari, safari tatu, 360,000. Kwa injini ya mtumba ingekuwa safari moja. Hata hivyo kutengeneza kulikuwa nafuu kwa zaidi ya milioni tatu. Lakini kama gari lako linaingiza laki mbili kila siku, siku saba za kusubiri zinapunguza sana tofauti hiyo. Piga hesabu yako, usichukue yangu.

Kuna waliotaka nichomelee ufa badala ya kununua hedi. Inawezekana, kuna mafundi wanaojua. Ila alumini iliyopasuka kwa joto ikichomelewa huwezi kuwa na uhakika nayo ukiwa na magunia nane mlimani, na kufungua mara ya pili unalipa gasketi na ufundi upya. Nilikataa.

Na injini ya mtumba ya aina ile ile inakuja na hedi ya aina ile ile. Hujui ilichemka mara ngapi huko ilikotoka. Ukilazimika kununua, usinunue iliyolala sakafuni kwa maneno tu. Omba iwashwe, au ipimwe kompresheni, fungua kifuniko cha oili uangalie, na uandikiwe kwenye risiti namba ya injini na siku za kurudisha. Pia namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, kwa hiyo nenda TRA kaulize utaratibu wa kubadilisha kabla hujafunga, usije ukaanza kuelezana na trafiki barabarani.

Sisemi kutengeneza ndiyo jibu siku zote. Jirani yangu ana gari kama langu, la kwake koni rodi ilikatika ikatoboa bloku, unaona ndani kama dirishani. Yeye alinunua injini, na alifanya sawa. Bloku imetoboka, krenki imekatika, au silinda zimekwaruzika zote, hapo kutengeneza ni kumwaga hela. Na kama gharama yoyote ile inazidi nusu ya bei ambayo gari lingeuzika likiwa zima, mimi ningeliuza lilivyo nikatafuta jingine.

Wale wateja 11 niliwapigia mmoja mmoja siku ile ile, nikawaambia gari limeharibika. Wawili walitaka hela zao, nikarudisha jioni hiyo hiyo. Tisa walisubiri. Mmoja wa wale wawili ameagiza tena mwezi huu, debe mbili za maharage.