Mega zinaisha kabla ya jioni: nani anazikula?

Mega zilizonunuliwa asubuhi zinaisha kabla ya jioni, na lawama zinaanza nyumbani. Watoto ndio wanashtakiwa wa kwanza. Lakini huenda anayezikula ni jirani wa nyuma ya ukuta, aliyeingia kwa mlango wa WPS.

WPS inaunganisha kifaa na ruta bila kuandika neno la siri: PIN ya tarakimu 8 inatosha. Mwaka 2011, mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kasoro yake. Ruta inakagua PIN hiyo kwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki tu. Badala ya majaribio milioni 100, mvamizi anahitaji kama elfu 11. Neno la siri, hata liwe refu namna gani, halimzuii, kwani mwenye PIN anapewa na ruta yenyewe.

Mwenye nyumba anaandika kwenye kivinjari anwani iliyobandikwa chini ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1, anaingia kwenye mipangilio ya kina ya wifi na kuzima WPS. Baadaye tu ndipo abadili neno la siri, chini ya WPA2 au WPA3. Simu zote zitakatika, ya jirani pia.