GT-R ziko ngapi duniani? Hesabu kwanza kabla hujatoa pesa

Najua unayoiwazia. Ni ile R34 ya samawati ya Paul Walker, ile uliyoiendesha kwa PlayStation hadi vidole vikafa ganzi. Sasa nikikuuliza Nissan ilitengeneza ngapi, utasema nini? Laki moja? Laki mbili? Msee, hazikufika hata 13,000. Hiyo ni duniani kote, tangu Januari 1999 hadi Agosti 2002 kiwanda kilipoachana nayo.

Weka hiyo nambari kichwani. Itakufaa siku jamaa atakutumia picha kwa WhatsApp akidai ana "GT-R safi, bei ya kuelewana".

GT-R ya kwanza ilitoka Februari 1969. Ilikuwa na milango minne, na ukiiangalia kwa nje ungedhani ni gari la mwalimu mkuu. Chini ya boneti kulikuwa na injini ya S20, silinda sita, lita mbili, yenye damu ya gari la mashindano. Wajapani waliipa jina la utani Hakosuka, yaani Skyline ya boksi. Mwaka uliofuata ikaja ya milango miwili. Ilizoa ushindi kama 50 kwenye mbio za kwao, lakini zilizotengenezwa ni kama 2,000 tu.

Kizazi cha pili ndicho kinachonifurahisha zaidi. Kinaitwa Kenmeri, kwa sababu ya tangazo la biashara lililokuwa na wapenzi wawili, Ken na Mary. Kilianza kuuzwa Januari 1973 na baada ya miezi michache kikaisha. Zilitoka 197. Ukiwakusanya wenye magari hayo wote, matatu 14 za abiria 14 zinawabeba, anabaki mmoja wa kupanda boda.

Mtandaoni utasoma kwamba iliuawa na mgogoro wa mafuta. Hebu angalia tarehe. Mgogoro huo ulianza Oktoba 1973, na Kenmeri GT-R ilikuwa imeshasimamishwa kitambo. Shida ilikuwa moshi. Japan ilikaza masharti ya hewa chafu mwaka huo, na S20 haikuweza kuyatimiza. Gari lenyewe halikuwahi kushindana hata mbio moja. Baada ya hapo Nissan ilikaa miaka 16 bila GT-R.

Halafu 1989 ikafika. Uchumi wa Japan ulikuwa umeumuka kama andazi, kila mtu ana pesa, kampuni zina pesa za kuchezea. Ndipo ikaja R32: injini ya RB26DETT, lita 2.6, turbo mbili, na nguvu inayofika magurudumu yote manne. Jarida la Wheels la Australia likaibatiza Godzilla. Kwenye ubingwa wa magari ya kawaida wa Japan, kati ya 1990 na 1993, iliingia mbio 29 na kushinda zote 29. Hizi zilitengenezwa karibu 44,000, na ndani yake kuna 560 za Nismo ambazo wakusanyaji wanazililia hadi leo. Hizo 560 nazo zililetwa na sheria: kanuni za mbio za Group A zilidai angalau 500 zitengenezwe kabla toleo lililoboreshwa halijaruhusiwa uwanjani. Basi 500 zikaenda kwa wateja, 60 zikawekwa kando kwa ajili ya mbio.

R33, kati ya 1995 na 1998, ilishuka hadi kama 16,500. Andazi lilikuwa limepasuka, na gari lenyewe lilikuwa limenenepa. Mimi naona lilionewa, lakini hiyo ni kesi ya siku nyingine.

Ndio tunafika kwa R34 yako: takriban 12,000. Ukienda kwa rangi mambo yanakuwa magumu zaidi, maana zile za Midnight Purple III ni 132 tu. Na mwaka 2002 ni moshi tena. Masharti mapya ya Japan yaliiondoa sokoni, na mwaka huo huo Supra, RX-7 na Silvia zikaondoka pia. Kizazi kizima cha ndinga kali kilifagiliwa na karatasi za serikali.

R35 ilikuja Desemba 2007, ikaacha jina la Skyline, ikauzwa karibu kila pembe ya dunia. Injini zake ziliunganishwa kwa mkono na mafundi tisa tu, na kila injini ina kibao chenye jina la fundi wake. Ya mwisho ilitoka kiwanda cha Tochigi Agosti 2025. Jumla ni kama 48,000.

Sasa toa kikokotoo cha simu. R32 zilitoka 44,000 ndani ya miaka mitano, karibu 8,800 kwa mwaka. R34 zilikuwa kama 3,300 kwa mwaka. R35, ile watu wanayosema "imejaa", ilichukua miaka 18 kufika 48,000, yaani chini ya 2,700 kwa mwaka. Kumbe kwa mwendo wa kiwandani, R35 ilikuwa inatoka polepole kuliko R34!

Basi mbona R34 ndiyo ina bei ya wazimu? Filamu zimechangia, ndiyo. Mwaka 2023 ile ya samawati aliyoiendesha Walker kwenye filamu ya 2009 ilipigwa mnada kwa zaidi ya dola milioni 1.3. Lakini pia kuna sheria ya Marekani. Huko, gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vyao linaruhusiwa kuingia kirahisi likishafikisha miaka 25. R34 za kwanza zilifikisha umri huo Januari 2024. Piga picha nchi nzima ya watu wenye pesa wakigombania magari 12,000, ambayo mengine yalishagongwa zamani.

Yetu ni kinyume kabisa. Kenya hairuhusu kuagiza gari la mitumba lililozidi miaka minane. Mmarekani anaambiwa angoje lizeeke, wewe unaambiwa likizeeka usilete. Kwa hivyo R34 halali hapa Nairobi ni iliyoingia zamani ikiwa bado changa, na hizo si za kukutana nazo kila kona.

Hapa ndipo watu huliwa pesa. Beji ya GT-R unaipata Kirinyaga Road, na nimeshaiona hadi kwa Vitz. Bampa na spoila pia zinanunuliwa. Kuna Skyline nyingi za kawaida za R34, zenye turbo moja na nguvu ya magurudumu ya nyuma pekee, ambazo zikivalishwa vizuri zinakudanganya mchana. Usibishane na muuzaji. Mwambie afungue boneti, usome nambari ya chesisi. GT-R halisi inaanza na BNR32, BCNR33 au BNR34. Ukiona HCR32, ECR33 au ER34, hiyo ni Skyline ya kawaida, na si gari baya, ila ilipwe bei yake. Halafu linganisha na nambari iliyo kwenye logbuku. Zikitofautiana, shika njia.

Na kama roho bado inataka GT-R, basi iliyobaki kwetu ni R35. Zile za 2025 zitaruhusiwa kushuka Mombasa hadi 2032, sheria ikibaki ilivyo. Injini ni ya lita 3.8, kwa hivyo ushuru utakuwa wa daraja la juu. Bado una miaka michache ya kusaka doo.